Oili ya difu: Deni dogo linalozamisha gari kuukuu

Na Mwandishi Wetu

KELELE yenyewe ilianza kama mvumo wa nyuki walio mbali. Ilisikika pikapu ya baba ilipofika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ikapotea alipoinua mguu, kisha ikarudi alipokanyaga mafuta tena. Baba alikuwa amezoea kelele za kila aina katika gari lile. Aliongeza sauti ya redio na safari ikaendelea.

Hiyo ilikuwa mapema mwaka 1998. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 1997 zilikuwa zimegeuza barabara za kwetu Kinangop kuwa matope matupu. Kila alfajiri pikapu ilivuka kijito kilichofurika, ikiwa imesheheni viazi na kabeji za kupelekwa soko la Wakulima, Nairobi. Maji yalipanda hadi juu ya ekseli ya nyuma. Hakuna aliyejali, mradi injini haikuzimika.

Wiki chache baadaye, tukiwa tumebeba mzigo na hatujafika Flyover, kilisikika kishindo kikubwa nyuma yetu. Kilifuatwa na mlio wa chuma kikisaga chuma. Injini ilinguruma vizuri, gia ziliingia bila taabu, lakini gari halikusonga hata hatua moja. Tulilala hapo barabarani. Kabeji tuliziuza kwa bei ya kutupa kwa wapita njia, na zilizobaki zikaoza.

Pikapu ilipovutwa hadi gereji, fundi alifungua difu na kuweka karai chini. Kilichomwagika hakikuwa oili. Kilikuwa kitu kizito cha rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake mlikuwa na meno ya chuma yaliyokatika.

“Mzee,” fundi akamuuliza baba kwa upole, “oili ya difu ulibadilisha lini?”

Baba hakujibu. Alikuwa na gari lile kwa miaka tisa. Oili ya injini aliibadilisha bila kukosa, na maji ya rejeta aliyatazama kila asubuhi. Oili ya difu hakuwahi kuigusa hata siku moja.

Difu nyingine, hata ya mkono wa pili, ilimeza pesa zilizokuwa zimewekwa kwa karo ya dada yangu, ambaye ndio mwanzo alikuwa ameingia Kidato cha Kwanza katika shule ya bweni. Muhula wa pili ulipofunguliwa, dada hakurudi huko. Alijiunga na shule ya kutwa iliyokuwa karibu na nyumbani, akawa anatembea asubuhi na jioni katika matope yale yale yaliyoua pikapu.

Ninaeleza haya kwa sababu makosa ya baba yangu ni makosa ya wenye magari wengi hata leo. Muulize jirani yako aliye na gari kuukuu alibadilisha oili ya injini lini, naye atakwambia hadi tarehe. Muulize ya difu, uone atakavyokuna kichwa.

DIFU NI KITU GANI?

Ukiinama nyuma ya pikapu, matatu ya aina ya Hiace, Peugeot 504 ya kubebea abiria au Land Rover, utaona chuma kinene kilichovimba kama boga katikati ya magurudumu mawili ya nyuma. Hiyo ndiyo difu. Nguvu za injini hupitia kwenye giaboksi, zikafuata ule mti mrefu uitwao propela, kisha zikaingia hapo.

Difu ina kazi tatu. Kwanza, huchukua nguvu zinazokuja kwa mzunguko wa propela na kuzigeuza ziende kushoto na kulia kwenye magurudumu. Pili, hupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Katika pikapu nyingi, gia ndogo iitwayo pinioni huzunguka mara nne hivi ili ile kubwa, krauni, imalize mzunguko mmoja. Ndiyo maana gari lililobeba mzigo wa tani nzima laweza kupanda mlima.

Kazi ya tatu ndiyo iliyoipa difu jina lake. Watazame wanajeshi wakipiga gwaride siku ya Jamhuri. Mstari unapopiga kona, aliye ndani hupiga hatua fupi fupi huku aliye nje akitupa miguu mbali ili mstari usipinde. Gari pia ni hivyo. Likikata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Kama yangefungwa pamoja kwa chuma kimoja, moja lingeburutwa, tairi zingeisha upesi na ekseli ingeweza hata kukatika. Difu huyaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti bila kuacha kusukuma. Mfaransa Onésiphore Pecqueur ndiye anayetajwa kuiundia gari la mvuke difu ya namna hii mwishoni mwa miaka ya 1820, kabla ya magari ya petroli kuzaliwa.

Ni vyema kutaja hapa kwamba si kila gari lina difu ya nyuma. Magari mengi madogo ya siku hizi husukumwa na magurudumu ya mbele, na difu yake imo ndani ya giaboksi, kwa hivyo oili ni ile ile ya giaboksi. Makala haya yanawahusu wenye magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, au yote manne.

HAINA TAA YA KUKUONYA

Injini ni kama mtoto mchanga. Ikikosa oili hulia, taa nyekundu huwaka mbele ya dereva, na moshi hutoka. Ina pampu ya kusukuma oili na chujio la kuondoa uchafu.

Difu haina pampu, haina chujio wala taa. Ina lita mbili hivi za oili zilizotulia chini. Krauni inapozunguka huchovya meno yake katika oili hiyo na kuirusha juu ya pinioni na beringi. Uchafu wote unaotokana na meno kusuguana hubaki humo humo. Oili ikipungua, ikichakaa au ikiingiwa na maji, hakuna anayearifiwa. Difu ni kama yule mzee wa nyumbani asiyelalamika hata akiumwa, mkashtukia siku moja amelazwa.

Meno ya difu nayo yana ugumu wake. Katika magari mengi, pinioni haikai katikati ya krauni bali hushuka chini kidogo. Mpango huo, ulioanza kutumiwa katika magari ya Marekani katika miaka ya 1920, hufanya difu iwe kimya na gari liketi chini zaidi. Lakini huyafanya meno yateleze juu ya mengine yakiwa yamebanana kwa nguvu nyingi. Oili ya kawaida hukamuliwa ikatoka, na chuma kikagusa chuma. Kwa hivyo oili ya difu hutiwa dawa yenye salfa na fosforasi inayounda utando mwembamba juu ya meno. Ile harufu mbaya ya mayai yaliyooza unayoisikia fundi anapofungua difu ni ya salfa hiyo.

Dawa hiyo huisha kwa muda na joto. Vitabu vya magari mengi hushauri oili hiyo ibadilishwe baada ya kilomita 40,000 au zaidi. Lakini hesabu hiyo ni ya gari linaloishi maisha ya starehe. Gari linalobeba mzigo kila siku, linalopanda milima, au linalopita katika vumbi na matope, libadilishiwe kila baada ya kilomita 20,000. Na kama umelinunua likiwa limekwisha kutumiwa, hapa nchini au kutoka Japani, usiulize lilibadilishiwa lini. Libadilishie, uanze hesabu yako upya.

DALILI ZA UGONJWA

Mwenye gari aliye makini anaweza kuitambua difu inayoumwa kabla haijafa.

Ya kwanza ni ule mvumo niliotaja mwanzoni. Ukisikika unapokanyaga mafuta na kutoweka au kubadilika unapoinua mguu, shuku difu. Mvumo usiobadilika kwa mguu wako, bali kwa mwendo wa gari tu, huenda ukawa wa beringi za gurudumu au tairi zilizoisha vibaya.

Ya pili ni kishindo kidogo, “ko!”, unapoachilia klachi au unapotoka gia ya mbele kwenda ya nyuma. Huenda ni meno yaliyolika, au viungio vya propela vilivyolegea. Mwache fundi atofautishe.

Ya tatu ni unyevu. Pale propela inapoingia difu pana sili ya mpira. Ikizeeka, oili huvuja na kushika vumbi, ukaona tope jeusi limeganda mbele ya difu.

Ya nne ndiyo ya hatari kuliko zote. Tazama upande wa ndani wa magurudumu ya nyuma. Ukiona oili imetiririka humo, sili ya ekseli imekufa, na oili hiyo inalowesha breki. Hapo suala si difu tena bali ni maisha. Breki iliyolowa oili haishiki, au hushika upande mmoja na kulivuta gari kando. Usibebe watu wala mzigo katika gari hilo kabla halijatengenezwa.

NUNUA OILI ILIYO SAWA

Usiende dukani na kusema tu, “Nipe oili ya difu.” Fungua kitabu cha gari uone nambari iliyotajwa. Magari mengi ya zamani ya nyuma hutumia oili ya SAE 90 au 80W-90, ile ambayo mafundi wetu huiita “tisini”. Mengine ya mizigo mizito huagizwa kutumia 140, ambayo ni nzito zaidi.

Pamoja na nambari hiyo tafuta herufi GL-5 kwenye mkebe. Herufi hizo zaonyesha kwamba oili ina dawa ya kutosha kwa meno ya difu yanayoteleza. Oili ya GL-4 ina dawa hafifu zaidi na hutumiwa sana katika giaboksi za kawaida. Usidhani kwamba kwa sababu GL-5 ni kali basi ni bora kila mahali, kwani katika baadhi ya giaboksi yaweza kudhuru sehemu za shaba. Kila kidonda na dawa yake.

Kuna difu chache zilizoundwa ili gurudumu moja likiteleza katika matope, jingine lipewe nguvu. Hizo zina klachi ndogo ndani na huhitaji oili yake maalum. Kitabu, au kibandiko kilicho karibu na difu, kitakwambia.

Kuhusu kipimo, pikapu nyingi hazizidi lita mbili na nusu. Kwa mfano, Land Rover ya Series III yenye ekseli ya kawaida huchukua lita 1.7 hivi, ilhali ile yenye ekseli nzito ya Salisbury huchukua lita 2.5. Nunua mkebe uliofungwa na kiwanda. Oili inayopimwa kutoka mtungi usio na jina ni rahisi, lakini hujui kama ni oili mpya au ni ile aliyotolewa jirani yako juzi.

KAZI YENYEWE

Hii si kazi ya kumshinda mtu mwenye mikono miwili na subira. Asubuhi moja ya Jumamosi yatosha. Vaa nguo kuukuu, kwa sababu harufu ya oili hii haitoki upesi, na mama watoto atakuzuia mlangoni.

Tayarisha spana inayolingana barabara na bolti za difu. Katika pikapu nyingi za Toyota ni nambari 24. Baadhi ya magari ya Kiingereza yana bolti zenye tundu la mraba zinazohitaji ufunguo wa mraba. Usitumie spana iliyolegea wala patasi na nyundo. Ukiharibu kichwa cha bolti umejiongezea kazi ya siku nzima. Uwe pia na karai la lita tano, brashi ya waya, matambara, wosha mpya mbili na mpira mwembamba wenye faneli.

Endesha gari kwa dakika kumi au kumi na tano ili oili ipate joto. Oili baridi ni kama asali. Hutoka polepole na kuacha uchafu ndani.

Simamisha gari mahali palipo tambarare kabisa, vuta breki ya mkono, tia gia, na uweke mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Pikapu nyingi ziko juu kiasi cha mtu kuingia chini bila jeki, na hivyo ndivyo vyema. Ikibidi uinue, inua kisha uegemeze ekseli juu ya stendi imara za chuma, kila upande. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, wala matofali. Jeki huteleza na matofali hupasuka, na watu wamefia chini ya magari kwa kutaka kuokoa dakika tano.

Sasa utaona bolti mbili. Moja iko chini kabisa ya difu. Hiyo ni ya kumwagia. Nyingine iko ubavuni, karibu katikati ya kimo cha difu, mara nyingi upande wa nyuma. Hiyo ni ya kujazia. Zisugue zote kwa brashi hadi ziwe safi, ili mchanga usiingie ndani.

Hapa ndipo penye kanuni ambayo fundi yule wa 1998 alinifundisha na sitaisahau: fungua bolti ya KUJAZIA kwanza. Bolti hii mara nyingi haijafunguliwa kwa miaka mingi na imeshikwa na kutu. Ukimwaga oili yote kisha ukagundua kwamba bolti ya juu haifunguki, gari lako limekuwa sanamu hapo uani, halina oili na haliwezi kuendeshwa hadi gereji. Ikikataa, inyunyizie mafuta ya kulainisha kutu, ngoja, igonge polepole, kisha jaribu tena. Ikikataa kabisa, acha. Oili ya zamani ingali ndani, na unaweza kumpelekea fundi.

Ya juu ikifunguka, weka karai na ufungue ya chini. Jihadhari, oili ni moto. Iache itiririke hadi itone tone moja moja. Kuna difu zisizo na bolti ya chini. Hizo hufunguliwa kifuniko chote cha nyuma, au oili hunyonywa kwa bomba kupitia tundu la juu.

Safisha bolti, weka wosha mpya na ufunge ile ya chini, imara lakini bila kuning'inia kwenye spana kama unayevuta ng'ombe. Kisha pitisha mpira kutoka juu hadi katika tundu la kujazia, mtu mmoja amimine oili polepole kwa faneli huku wewe ukitazama chini. Hapa ndipo watoto wanapofaa, na hawatasahau walichojifunza.

Oili ikianza kudondoka kutoka tundu la kujazia, imetosha. Iache izidi itoke yenyewe. Ukiingiza ncha ya kidole uihisi pale pale kwenye ukingo wa chini wa tundu. Usijaze kupita hapo kwa kudhani unaifadhili difu. Oili ikizidi hupata joto, ikavimba na kusukuma sili. Funga, panguza, endesha kilomita chache, kisha inama tena uone kama kuna panapovuja.

Oili chafu usiimwage mtaroni wala shambani. Itie katika mkebe ile mpya ilimotoka, uipeleke gereji au kituo cha petroli wanakokusanya oili chafu. Kisima cha jirani hakina kosa lolote.

SOMA OILI KABLA YA KUITUPA

Watu wengi hukimbilia kuitupa oili ya zamani. Ichunguze kwanza kwenye mwanga, kwa maana hiyo ni barua kutoka ndani ya difu.

Oili nyeusi lakini laini imechoka tu. Umefika kwa wakati.

Bolti ya chini ya magari mengi ina sumaku. Ukikuta juu yake ujiuji wa kijivu, laini kama grisi, usihofu. Huo ni unga wa meno yanayosuguana kwa miaka, na sumaku imefanya kazi yake. Ipanguze. Lakini ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, magamba ya chuma au ncha ya jino, usilifunge ukaenda sokoni. Mwite fundi afungue difu sasa, ukiwa bado na nafasi ya kuokoa kitu.

Na ukiona rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yameingia, kama yalivyoingia katika difu ya baba.

Yaliingiaje, ilhali difu imefungwa? Juu ya ekseli pana kijibomba kidogo cha kupumulia. Difu ikipata joto, hewa ya ndani hutanuka na kutokea hapo. Gari likiingia mtoni ghafula likiwa moto, hewa hiyo hupoa na kunywea, na difu huvuta pumzi. Kama kijibomba kiko chini ya maji, huvuta maji. Kama kimezibwa na matope, huyavuta maji kupitia sili. Na kikizibwa siku ya jua, hewa moto huisukuma oili nje kupitia sili hizo hizo. Kwa hivyo kila unapobadilisha oili, kisafishe kijibomba hiki uhakikishe kinapitisha hewa. Na kila gari linapovuka maji yaliyofunika ekseli, fungua difu uangalie oili, hata kama uliibadilisha mwezi uliopita. Oili iliyochanganyika na maji haiwezi tena kulinda meno, na beringi hushika kutu gari likilala usiku mmoja tu.

Ningependa pia kusema ukweli kwa yule ambaye difu yake imeanza kuvuma tayari. Oili mpya haioteshi meno yaliyolika. Yaweza kupunguza kelele na kuchelewesha msiba, lakini haitibu. Wako wanaouza magari baada ya kutia katika difu oili nzito kupita kiasi ili kelele itulie kwa wiki moja. Ukinunua gari kuukuu, liendeshe ukiwa umezima redio.

DAFTARI LA MAMA

Baada ya msiba wa 1998, mama hakumlaumu baba hata kwa neno moja. Alikwenda dukani akanunua daftari la shule, akalitoboa pembeni na kulifunga kwa kamba ndani ya pikapu. Mstari wa kwanza aliandika kwa mkono wake: tarehe, kilomita, na maneno “oili ya difu, mpya”. Tangu siku hiyo hakuna kilichoguswa katika gari lile bila kuandikwa. Baba naye aliliweka jino moja la krauni ile iliyovunjika katika mkebe wa Kimbo, pamoja na misumari. Hakusema ni la nini, wala hatukumuuliza.

Pikapu ile ilitubebea viazi kwa miaka mingine kumi na mmoja. Difu haikufunguliwa tena ila kwa kubadilishiwa oili.

Dada yangu alimaliza masomo katika ile shule ya kutwa, akafanya vizuri, na sasa ni muuguzi. Haina maana kwamba hasara haikuwapo. Yeye mwenyewe husema kwamba miaka minne ya kutembea gizani si kitu cha kumtakia mtoto wa mtu. Ila hana kinyongo, na akija kunitembelea na kuona gari langu kuukuu limeegeshwa uani, kabla hata ya kuketi na kunywa chai, hunyoosha mkono.

“Lete daftari nione.”

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Lita mbili za oili na wosha mbili hazifikii bei ya tairi moja mpya. Wikendi hii, kabla ya kuliosha gari ling'ae, inama kwanza uangalie lile boga lililo nyuma. Kisha tafuta daftari.